Barua ya wazi kwa uongozi wa klabu yetu ya mpira wa kikapu: chipukizi wapewe dakika zenye uzito

Kwa: Mwenyekiti wa klabu, Kocha Mkuu na wajumbe wa Kamati ya Ufundi

YAH: DAKIKA ZA KUCHEZA KWA WACHEZAJI WA MSIMU WA KWANZA

Waheshimiwa viongozi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hii. Sisi ni makocha wa timu za vijana ambazo kila mwaka huwaletea wachezaji. Jambo hili tulilifikisha kwenu kwa barua ya kawaida, tukaambiwa limepokelewa. Tulipoliulizia tena tukaambiwa tusubiri ligi iishe. Ligi imeisha, usajili mpya umefanyika, na vijana wale wale bado wanasugua benchi. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani. Jina la klabu hatulitaji kwa makusudi, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu, na tunajua tatizo hili haliko kwenu peke yenu.

Kwanza tuseme ambacho hatuombi. Hatuombi wakongwe wawekwe kando. Zikibaki dakika mbili na tofauti ni pointi tatu, hata sisi tungetaka mpira uwe mikononi mwa mtu aliyekwisha kuzizoea kelele hizo. Tunachoomba ni dakika chache, zilizopangwa kabla ya mchezo, tena katika kipindi ambacho mshindi bado hajajulikana.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Hesabu ya dakika haijawahi kufanywa

Mchezo una robo nne za dakika 10, na uwanjani wako watano, kwa hiyo kocha ana dakika 200 za kugawa kwa wachezaji 12. Watano wa kwanza wakicheza dakika 35 kila mmoja, wanamaliza 175. Zinabaki 25, na hizo huchukuliwa na mtu wa sita na wa saba, ambao nao ni wakongwe. Wa nane hadi wa kumi na mbili hawapati kitu. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba vijana wasicheze. Imetokea tu, kwa sababu kila mabadiliko yalifanywa kwa hofu ya wakati ule.

Washusheni watano wa kwanza hadi dakika 30, mtakuwa mmetumia 150 na mmebakiwa na 50. Mtu wa sita apate 18, wa saba 12, na chipukizi wawili wapate 10 kila mmoja. Hakuna mkongwe aliyenyang'anywa nafasi yake. Kila mmoja ametoa dakika tano tu. Na dakika hizo tano huwa ni zile ambazo miguu imeshachoka. Mitupo ya adhabu inaanza kugonga mdomo wa mbele wa ringi, mtu anachelewa kurudi kukaba, anaamua kutumia mikono badala ya miguu, na ghafla timu ina madhambi matano kwenye robo, kila kosa linawapa wapinzani mitupo miwili. Wachezaji wetu wengi wanatoka kazini ndipo waje mazoezini jioni. Kumchezesha mtu wa miaka 34 dakika 36 Jumamosi, kisha dakika 36 nyingine Jumapili, ni kumtumia vibaya hata yeye.

2. Dakika chache wanazopata ni za mchezo uliokwisha

Hili ndilo linalotuuma zaidi. Kijana huingizwa zikibaki dakika tatu na tofauti ikiwa pointi 25. Wakati huo wapinzani wameacha kubana, hakuna anayeita mfumo (shambulizi lililopangwa), kila mtu anarusha anapotaka. Kumpima mchezaji kwa dakika hizo ni kama kumpima dereva ndani ya gari lililoegeshwa.

Tazameni vitu ambavyo kijana hawezi kuvijifunza hapo: kuvusha mpira mstari wa kati ndani ya sekunde 8 huku wawili wanambana, kujua la kufanya sekunde 24 za kushambulia zikibaki sita na mpira uko mkononi mwake, kumkaba mdundaji anayewekewa skrini (mwenzake anasimama njiani kumzuia mkabaji), akaamua kupita juu au chini yake, kumfungia mtu nje kwa mwili kabla ya ribaundi, yaani kugombea mpira uliokosa kikapu, wakati mtu huyo ana kilo 15 zaidi. Mambo hayo yapo tu wakati timu zote mbili bado zinataka kushinda. Zaidi ya hapo, kijana aliyepewa dakika tatu anajua hana nyingine, kwa hiyo anarusha mpira wa kwanza anaoushika, hata kama ni kutoka mita nane. Kisha kocha anageuka kwa msaidizi wake na kusema: unaona?

Mahali pazuri pa kumwingiza ni dakika mbili za mwisho za robo ya kwanza na nne za mwanzo za robo ya pili, halafu nne za mwisho za robo ya tatu. Jumla 10. Tumechagua mpaka wa robo ya kwanza na ya pili kwa sababu tatu. Pale katikati kuna mapumziko ya dakika mbili, kocha anaweza kumweka sawa bila kutumia muda wa mapumziko ambao anao miwili tu katika nusu ya kwanza. Hesabu ya madhambi ya timu inaanza upya, kwa hiyo makosa yake ya mikono hayaigharimu timu sana. Na wapinzani nao wakati huo huwa wanapumzisha watu wao wakubwa. Likiharibika jambo, zimebaki robo mbili na ushee za kulirekebisha.

3. Wanaingizwa wote kwa mkupuo

Tumeona mara nyingi watano wakitoka na watano wakiingia. Hao watano wapya hawajawahi kucheza pamoja hata mazoezini, hakuna mchezeshaji mwenye uzoefu kati yao, na ndani ya dakika mbili timu imefungwa pointi nane bila jibu. Lawama zote zinawaangukia vijana.

Utaratibu unaofanya kazi ni rahisi. Wasizidi chipukizi wawili uwanjani kwa wakati mmoja, na wawili hao wasiwe wote wa kudunda mpira. Mchezeshaji mkongwe au msaidizi wake lazima awepo. Chipukizi wa ndani acheze pembeni ya mkongwe anayeongea, kwa kuwa kosa kubwa la kijana kwenye ukabaji ni ukimya: skrini inakuja, hasemi, mwenzake anagongwa. Kisha apewe kazi moja inayotajika kwa sentensi moja. "Mkabe namba 7, asipite kulia kwake, tukishambulia, simama kona, mpira ukija na uko huru rusha, ukibanwa rudisha juu." Basi. Mifumo mitatu inatosha kwa mzunguko wa kwanza wa ligi. Ya ziada ataiongeza taratibu.

4. Kosa la kwanza, nje

Kijana akipoteza mpira, mtu wa kumbadilisha anakuwa ameshasimama kabla mpira haujavuka mstari wa kati. Matokeo yake yanajulikana kwa kila aliyefundisha mchezo huu: mchezaji anaanza kucheza huku akitazama benchi. Anakataa kurusha akiwa huru. Anatoa pasi ya usalama kwa aliyebanwa. Takwimu zake zinaonekana safi, hajapoteza mpira, lakini timu inashambulia wanne dhidi ya watano.

Makosa hayalingani. Kuna kosa la juhudi: hakurudi kukaba, hakumfungia mtu wake nje, alisimama kutazama mpira. Kwa hilo mtoeni mara moja, na mumwambie kwa nini. Na kuna kosa la kujaribu: alirusha akiwa huru akakosa, alitoa pasi sahihi ikaguswa, alikaba vizuri akafungwa na mtu mwenye uwezo zaidi. Kwa hilo mwacheni aendelee.

Kila anapoingia abaki angalau dakika nne, isipokuwa ameumia, amefanya kosa la juhudi, au amefikisha madhambi mawili katika nusu ya kwanza. Kwa nini nne? Mtu aliyekaa kwenye kiti kigumu dakika 18 huingia na mwili uliopoa. Dakika ya kwanza na nusu anatafuta pumzi na kasi ya mchezo. Mkimtoa dakika ya pili mmemtazama mtu anayepasha, hamjamtazama mchezaji. Na hili nalo lirekebishwe: msaidizi amwambie mapema, dakika tatu kabla, ili anyooshe viungo nyuma ya benchi na aambiwe atamkaba nani. Siku hizi anaitwa kwa kidole huku bado anavua fulana ya mazoezi, namba haijaonekana, mwamuzi anamngoja.

5. Mazoezini nako hawachezi

Watano wa kwanza wanacheza pamoja jioni nzima, chipukizi wanawekwa upande wa pili wa kuigiza wapinzani, au wanaokota mipira. Siku mbili kati ya mazoezi ya wiki, changanyeni: wakongwe watatu na chipukizi wawili kila upande.

Waheshimiwa, majibu yenu mengine tunayafahamu kabla hamjayatoa, kwa hiyo tuyajibu kabisa.

Mtasema klabu inatafuta ubingwa, siyo kulea watoto. San Antonio Spurs wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, nao walikuwa wanatafuta ubingwa mwaka 2001, wakiwa na Tim Duncan na David Robinson, na bado kocha wao Gregg Popovich alimwanzisha Tony Parker, mchezeshaji wa miaka 19 aliyechaguliwa wa 28 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka huo, ndani ya wiki chache tu za msimu wake wa kwanza. Msimu wa pili wa Parker, 2003, walichukua kombe. Lakini tazameni na upande wa pili, ambao watetezi wa vijana huwa wanauruka: katika mchezo wa sita wa fainali ile dhidi ya New Jersey Nets, robo ya nne ilichezeshwa na mwenzake Speedy Claxton huku Parker akiwa amekaa. Popovich hakuona aibu yoyote. Kuanza mchezo na kuumaliza ni maamuzi mawili tofauti, na kocha anayeyatenganisha anaweza kulea na kushinda msimu mmoja.

Mtasema hata Kobe Bryant alisubiri. Ni kweli, Los Angeles Lakers walikuwa na Eddie Jones na Nick Van Exel mbele yake. Lakini kusubiri kwake msimu wa 1996–97 kulikuwa kucheza michezo 71 kwa wastani wa dakika 15 na nusu. Mei 1997, katika mchezo uliowatoa dhidi ya Utah Jazz, alirusha mipira minne mwishoni ambayo haikugusa hata ringi, na kocha Del Harris hakumtoa. Wapeni vijana wetu nusu ya kusubiri huko, tutanyamaza.

Mtasema kijana akikua ataondoka, kwa nini tumlee mwingine afaidi? Jermaine O'Neal alikaa Portland Trail Blazers misimu minne, 1996 hadi 2000, nyuma ya wakongwe, akipata makombo. Wakambadilisha na Dale Davis wa Indiana Pacers, ambaye alikuwa mkongwe mwingine. Mwaka 2002 O'Neal alikuwa nyota wa All-Star, mchezo wa wachezaji bora wa NBA, na mchezaji aliyepiga hatua kubwa kuliko wote katika ligi. Anayeondoka haraka ni yule asiyechezeshwa, na klabu inabaki bila mchezaji na bila shukrani yake.

Mtasema dakika hupatikana kwa kustahili, hazigawiwi. Hapo tunakubaliana bila ubishi. Ila kustahili kunahitaji kipimo kinachojulikana. Andikeni: ahudhurie mazoezi yote ya wiki au atoe taarifa, aichore ubaoni mifumo mitatu bila msaada, afunge mitupo ya adhabu saba kati ya 10 mwisho wa mazoezi, akiwa amechoka, akabe mtu kwa mtu dakika tano mfululizo bila kuachwa zaidi ya mara mbili. Anayefaulu anacheza dakika zake 10. Anayefeli anajua kwa nini hakucheza, na sisi tunajua cha kumfundisha.

Na mtasema hapa nyumbani mazingira ni mengine. Basi tutazame hapa. Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilianzisha mwaka 2022 utaratibu wa kuzipangia timu vijana kutoka NBA Academy Africa, kituo cha NBA cha kulea vipaji kilichoko Saly, Senegal, wacheze kati ya watu wazima. Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Uganda, alipita njia hiyo akiwa na miaka 15, na mwaka 2024 alivaa jezi ya City Oilers ya Kampala. Mwaka huo huo alikuwa na timu ya taifa ya Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris, na 2025 alichaguliwa wa 10 kuingia NBA. Ana kipaji na urefu ambao hawapewi wengi, hilo halina mjadala. Lakini mlango wa kwanza ulikuwa wa utaratibu ulioandikwa, haukutegemea kocha ameamkaje siku hiyo.

Kuna mfano wa kwetu zaidi ambao kila mtu atautaja, nao ni Hasheem Thabeet. Memphis Grizzlies walimchagua wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, wakati tayari walikuwa na Marc Gasol nafasi ile ile. Msimu wa kwanza alipata dakika 13 hivi kwa mchezo, na Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards kwenye ligi ya chini, akiwa wakati huo mchezaji aliyechaguliwa juu kuliko wote waliowahi kushushwa huko. Hatudai dakika pekee zingebadilisha yaliyomkuta. Alikuwa ameanza kikapu akiwa mkubwa, na NBA ya miaka ile ilikuwa imeanza kuwahama masenta (warefu wa kucheza chini ya kikapu) wa aina yake. Tunachosema ni kwamba kumpeleka kijana timu nyingine akacheze si tusi. Inakuwa tusi anapopelekwa bila mpango. Anayewekwa benchi mwaka mzima bila mpango ana hali mbaya zaidi.

Mwisho kabisa kuna hoja ya majeraha, ambayo hamjaijibu hata mara moja. Kiangazi cha 2017 Sergio Llull wa Real Madrid aliumia goti. Timu haikuhangaika kutafuta mbadala gizani, kwa sababu Luka Dončić alikuwa akipewa dakika kwenye timu ya wakubwa tangu 2015 akiwa na miaka 16. Mwaka 2018 Madrid walichukua EuroLeague, ubingwa wa klabu za Ulaya, na Dončić, miaka 19, akawa mchezaji bora wa mashindano. Sisi mkongwe wetu akihamishwa kikazi mkoa mwingine katikati ya ligi, jambo linalotokea kila mwaka, tunamtazama kijana ambaye hajawahi kucheza robo ya pili hata moja.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Kwa mzunguko wa kwanza wa ligi, wachezaji wawili wa msimu wa kwanza wapangiwe dakika 10 kila mmoja kwa kila mchezo, kwa mgawanyo tulioueleza. Mzunguko wa pili kocha aamue kwa matokeo. Hatua ya mtoano hatuombi kitu.

(b) Klabu itunze karatasi yake ya dakika. Karatasi ya meza ya waamuzi inaonyesha nani aliingia na madhambi yake, haionyeshi alicheza muda gani. Mtu mmoja mwenye kalamu anatosha: jina, saa ya uwanja alipoingia na alipotoka, matokeo alipoingia na alipotoka, na wanne aliokuwa nao. Hiyo safu ya mwisho msiiache; bila hiyo, kijana aliyecheza na wakongwe na aliyecheza na vijana wenzake wataonekana sawa.

(c) Vigezo vya kustahili viandikwe na kubandikwa kwenye uwanja wa mazoezi.

(d) Chipukizi aliyepata chini ya dakika 40 katika michezo minane ya kwanza aruhusiwe kwenda kwa mkopo kwenye timu itakayomchezesha, kabla dirisha la usajili halijafungwa, bila kudaiwa ada.

(e) Baada ya michezo sita, Kocha Mkuu akutane nasi na karatasi hizo mezani. Saa moja inatosha.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya ratiba ya mzunguko wa kwanza kutoka. Tusipolipata, vijana wanaomaliza mwaka huu tutawashauri, pamoja na wazazi wao, kusaini kwenye klabu itakayokubali kuandika kipengele (a) ndani ya fomu zao. Mazungumzo na klabu mbili za namna hiyo yameshaanza.

Wenu katika michezo,

Makocha wa timu za vijana

Nakala: Katibu, Chama cha Mpira wa Kikapu cha Mkoa